Kufuli kwenye kila mstari: ninavyochagua kati ya jukwaa la bekendi na CMS isiyo na kichwa

Kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wanaolima mwani Pangani kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu, wanachama watatu, na hakuna awezaye kulifungua peke yake. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha VICOBA anaujua mpangilio huo. Waliponiomba niwatengenezee programu ya simu ya kutunza hisa na mikopo, nililiona sanduku lile kila wiki limewekwa katikati ya mkeka, na bado sikulielewa. Nikawatengenezea kitu ambacho mwanachama yeyote aliyeingia kwa akaunti yake aliweza kusoma mkopo wa mwenzake.

Aliyegundua ni binti wa mwanachama mmoja, mwanafunzi wa kidato cha nne. Alibadilisha namba iliyokuwa mwishoni mwa anwani, kutoka 17 kuwa 18, akaona deni la jirani yao pamoja na tarehe alizochelewa kurejesha. Mwenyekiti alinipigia jioni ile ile. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, daftari letu lilikuwa linalala ndani ya sanduku. Hili lako linalala wapi?" Nilizima seva usiku huo, na wiki tatu zilizofuata wakarudi kwenye vijitabu vyao vya karatasi.

Kosa halikuwa kwenye simu wala kwenye lugha niliyotumia kuandika programu. Lilikuwa kwenye uamuzi wa siku ya kwanza, niliouchukua kwa nusu saa: nilitumia CMS isiyo na kichwa, yaani mfumo wa kusimamia maudhui usiochora kurasa wenyewe, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimetoka kuitumia kwenye kazi nyingine na mkono ulikuwa umeizoea. Hapa naeleza jinsi ninavyouchukua uamuzi huo sasa, nikichagua kati ya CMS ya namna hiyo na jukwaa la bekendi, yaani mfumo uliokwisha kujengwa wa upande wa seva, kwa yeyote anayetengeneza mifumo ya watu wadogo wenye bajeti ndogo.

Vinafanana kwa sura tu

Ukifungua kurasa zao za kujitangaza utadhani ni ndugu mapacha. Vyote viwili vinakupa hifadhidata, API (mlango ambao programu nyingine hupitia kuomba data), paneli ya usimamizi na njia ya watu kuingia kwa akaunti. Tofauti iko kwenye picha aliyokuwa nayo kichwani yule aliyekitengeneza.

Aliyetengeneza CMS alikuwa na picha ya chumba cha habari. Watu wachache wanaandika, watu wengi wanasoma. Mwandishi anahifadhi rasimu, mhariri anapitia, makala inachapishwa. Inaitwa isiyo na kichwa kwa sababu haichori ukurasa yenyewe. Inatoa maudhui kupitia API, na wewe unayavalisha sura unayotaka, iwe tovuti, programu ya simu au skrini iliyotundikwa ukutani mapokezi. Strapi, Payload na Directus ziko kundi hili. Ghost pia. Hata WordPress, ambayo vijana wengi wanaidharau, inaweza kazi hiyo, kwani tangu toleo la 4.7 la Desemba 2016 API yake ya REST imo ndani yake bila kuongeza kitu.

Aliyetengeneza jukwaa la bekendi alikuwa na picha ya programu ya simu yenye watumiaji wengi ambao kila mmoja ana mambo yake. Kila mtu anaandika, na kila mtu anasoma vya kwake. Supabase, Appwrite, PocketBase na Parse ziko huku.

Karatasi kabla ya kompyuta

Chukua karatasi uchore safu nne. Ya kwanza andika kitu chenyewe: mkopo, hisa, habari, tangazo. Ya pili, nani anakiandika. Ya tatu, nani anakisoma. Ya nne, nani hatakiwi kukiona. Ifanye kazi hii mbele ya wenyewe, usiifanye peke yako mezani, maana safu ya nne huijui wewe. Wanaijua wao.

Pangani, safari ya pili, tuliijaza tukiwa tumekaa chini. Mkopo: anauandika mhazini, anausoma mwenye mkopo na viongozi watatu, hatakiwi kuuona mwanachama mwingine, wala mume. Hilo la mume nisingelifikiria hata ningekaa mwezi mzima. Simu ya nyumbani mara nyingi inashikwa na watu wawili, kwa hiyo programu ikahitaji namba ya siri yake yenyewe mbali na ile ya simu.

Kwa redio ya jamii niliyoifanyia kazi mwaka uliofuata, karatasi ilikuwa na sura nyingine kabisa. Habari: anaiandika mwandishi, anaisoma yeyote duniani, hatakiwi kuiona mtu yeyote kabla mhariri hajaipitisha.

Ziangalie hizo safu za nne mbili. Kwenye kikundi, anayefichwa anabadilika kwa kila mstari: mkopo huu wamefichwa wanachama wengine 37, mkopo ule wamefichwa wengine 37 tofauti. Kwenye redio kinachobadilika ni wakati, leo ni rasimu na kesho iko wazi kwa wote. Safu ya nne ikibadilika kwa kila mtu, nenda kwenye jukwaa la bekendi. Ikibadilika kwa wakati tu, nenda kwenye CMS. Mengine yote, kasi, bei, uzuri wa paneli, nayaangalia baada ya hapo.

Kufuli linakaa wapi

CMS niliyoitumia mara ya kwanza ilikuwa na ukurasa wa ruhusa wenye visanduku vya kuweka tiki. Kwa watu walioingia kwa akaunti niliweka tiki kwenye kusoma, upande wa mikopo. Nilidhani nimeruhusu mtu asome mkopo wake. Kumbe tiki ile inafungua aina nzima ya maudhui, kama mlango wa chumba. Ndani ya chumba hakuna droo yenye kufuli. Sharti la kwamba mtu aone cha kwake tu linaweza kuandikwa, ila unaliandika wewe kwa mkono, kwenye kila njia ya API, na ukisahau njia moja basi hiyo ndiyo atakayoipita binti wa kidato cha nne.

Jukwaa la bekendi linaweka kufuli chini zaidi. Supabase imejengwa juu ya hifadhidata ya PostgreSQL, na PostgreSQL ina sera za mstari kwa mstari tangu toleo la 9.5 la Januari 2016. Sera yenyewe ni fupi:

`alter table mikopo enable row level security;`

`create policy "mwenye mkopo asome wake" on mikopo for select to authenticated using ((select auth.uid()) = mwanachama);`

Baada ya mistari hiyo miwili, mwanachama akiomba mikopo yote ataletewa ya kwake tu, aombe kupitia njia yoyote. Kufuli liko ndani ya hifadhidata yenyewe. Halikutegemea wewe kukumbuka.

Lakini ina mitego miwili ambayo lazima uijue. Ukitengeneza jedwali kwa kuandika SQL (lugha ya hifadhidata) na usiwashe ulinzi huo, ufunguo wa wazi uliomo ndani ya programu ya simu unaweza kutosha kusoma jedwali lote. Na ule ufunguo mwingine, `service_role`, unaruka sera zote, kwa hiyo usiuweke kamwe ndani ya programu inayopakuliwa na watu. Unakaa kwenye seva peke yake.

PocketBase inafanya jambo lile lile kwa njia nyepesi zaidi. Kila mkusanyiko una sehemu ya kanuni, na kanuni ya mikopo yetu ni sentensi moja: `mwanachama = @request.auth.id`. Hapa mtego ni mmoja na umeumiza wengi. Kanuni iliyofungwa inamaanisha msimamizi mkuu tu ndiye anayeingia. Kanuni iliyofunguliwa ikaachwa tupu inamaanisha kila mtu, hata asiye na akaunti. Kwa macho zinakaribiana, kwa maana zimeachana kama kufuli na tundu la kufuli.

Jambo jingine linaloipeleka kazi ya fedha kwenye bekendi ni kwamba rejesho la mkopo ni matukio mawili kwa pamoja: deni linapungua na fedha ya sanduku inaongezeka. Umeme ukikatika katikati, yote mawili yatokee au lisitokee hata moja. PostgreSQL inakupa hilo ndani ya kitendo kimoja, na PocketBase vilevile. Kwenye paneli ya CMS mhazini anahifadhi ukurasa mmoja, kisha anahifadhi wa pili, na kati ya hapo chochote kinaweza kutokea. Hesabu za kikundi zikipishana kwa shilingi elfu mbili, kikao hakiishi.

Redioni nilikosea kwa upande wa pili

Baada ya Pangani niliziogopa CMS zote. Redio ilipotaka tovuti ya habari na matangazo nikaiweka kwenye jukwaa la bekendi, nikamwonyesha mhariri jinsi ya kuingiza habari kwenye jedwali.

Alijaribu kwa uaminifu. Aliandika habari nzima ndani ya kisanduku kimoja cha jedwali, bila kuona aya zinavyokatika, bila kuona picha itakavyokaa. Nilikuwa nimeweka safu iitwayo `imechapishwa`, na kwa uzembe wangu thamani yake ya kuanzia ilikuwa ndiyo. Siku moja aliingiza tangazo la msiba huku familia bado inashauriana saa ya maziko. Alidhani amehifadhi tu ili aje kumalizia. Tangazo likaenda hewani kwenye tovuti likisema saa saba mchana. Maziko yakawa saa kumi. Ndugu waliotoka Muheza walisubiri juani, na mhariri ndiye aliyekwenda kuomba radhi kwa kosa ambalo lilikuwa langu.

Nikaanza kurekebisha. Nikatengeneza kihariri cha maandishi. Nikaongeza rasimu. Nikaongeza ukurasa wa kuhakiki kabla ya kuchapisha, kisha kupunguza ukubwa wa picha, kisha ratiba ya kuchapisha alfajiri kabla ya kipindi cha asubuhi. Wiki ya sita nikaona kwamba ninajenga CMS kwa mikono yangu, mbaya kuliko zile zilizokwisha kujengwa na watu wengi kwa miaka mingi. Nilihamishia kila kitu Strapi kwa siku nne.

Kwa hiyo kama watu wako wanaandika maneno marefu, wana mhariri juu yao, na wanahitaji kuona sura ya kazi kabla haijatoka, usiwape jedwali. Ni kuwanyima heshima ya kazi yao.

Vyombo vyenyewe, kwa nilivyovishika

PocketBase ndiyo ninayoanza nayo kwa vikundi vidogo. Imeandikwa kwa Go, ilitoka 2022, na ni faili moja tu unaloliweka kwenye seva na kuliwasha. Hifadhidata ni SQLite, akaunti zimo, kuhifadhi picha kumo, paneli imo. Kikundi cha watu 38 kinakaa kwenye seva ya kukodi ndogo kabisa na seva haijui kama imebeba kitu. Mipaka yake ni miwili. Inakaa kwenye seva moja, huwezi kuigawa kwenye seva tatu mambo yakikua. Na mpaka ninapoandika haya haijafika toleo la 1.0, na hati zake zenyewe zinaonya kwamba toleo jipya linaweza kuvunja lililokuwa linafanya kazi. Soma orodha ya mabadiliko kabla ya kusasisha, kila mara. Kuhusu bekapu: usinakili faili la SQLite kwa kukopi tu huku programu inaandika, unaweza kupata nakala iliyovunjika. Tumia bekapu iliyomo ndani yake, ambayo inaweza pia kupeleka nakala kwenye hifadhi ya nje.

Supabase, iliyoanza 2020, naitumia mambo yanapokuwa makubwa au yanapohitaji ripoti nzito, kwa sababu chini yake kuna PostgreSQL kamili na siku ukiondoka unaondoka na `pg_dump` yako, nakala nzima ya hifadhidata. Ukitumia huduma yao ya wingu, fahamu kwamba mradi wa bure usipotumika kwa wiki moja husimamishwa. Kikundi kinachokutana mara moja kwa wiki kinacheza kwenye ukingo huo, na kikundi kinachoahirisha kikao kwa ajili ya msimu wa mvua kitakuta mfumo umelala. Panga bajeti ya kulipia au weka kwenye seva yako. Kuiweka mwenyewe kunawezekana kwa Docker, chombo kinachoendesha programu ndani ya makontena yaliyotengwa, ila unabeba makontena mengi kwa pamoja: ya akaunti, ya API, ya faili, ya lango, ya paneli. Usilijaribu kwenye seva yenye RAM ya GB 1.

Appwrite ilianza 2019, nayo inakaa ndani ya Docker, na ruhusa zake unaweza kuziweka kwa kila rekodi. Wanaoandika programu za simu kwa Flutter wanaipenda. Mimi sijakaa nayo muda wa kutosha kukushawishi kwa au dhidi yake.

Upande wa CMS, Strapi ilianzia Ufaransa mwaka 2015 na inakwenda kwa Node.js. Aina za maudhui unazitengeneza kwenye kompyuta yako wakati wa kujenga. Ukishaipandisha seva katika hali ya kazi, kijenzi cha aina hizo kinajifunga, kwa hiyo usimwahidi mhariri kwamba ataongeza safu mpya mwenyewe Jumapili usiku. Picha na mahusiano haviji kwenye jibu la API mpaka uviombe kwa `populate`. Siku ya kwanza kila mtu anadhani picha zimepotea. Hati zake zinataka angalau GB 2 za RAM, na ni kweli, hasa wakati wa kujenga paneli. Na zipeleke picha kwenye hifadhi ya nje, maana seva nyingine za kukodi hufuta faili za ndani kila unapopandisha toleo jipya.

Payload nampendekezea anayeandika TypeScript kila siku. Mambo yote yako kwenye msimbo, hata ruhusa, na tangu toleo la 3 la mwaka 2024 inakaa ndani ya mradi wa Next.js wenyewe. Mwaka 2025 ilinunuliwa na Figma. Leseni yake ni MIT.

Ghost ni nzuri kwa gazeti lenye barua za kila wiki, lakini malipo ya wasomaji wake yanapitia Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni. Kama wasomaji wako wanalipa kwa M-Pesa, utakuwa na kazi ya ziada.

Directus nimeiacha mwisho kwa sababu inanivurugia kanuni yangu. Inakaa juu ya hifadhidata ya SQL uliyonayo tayari, inaisoma kama ilivyo, na ukiiondoa majedwali yanabaki vilevile. Ruhusa zake zinaweza kuchujwa kwa mtumiaji aliyeingia, kwa hiyo kufuli la mstari inalo. Duka au zahanati yenye MySQL ya miaka kumi isiyo na paneli ya maana, hapo ndipo ningeanzia.

Leseni, na kwa nini nahangaika nayo

Mwaka 2013 Facebook ilinunua Parse, jukwaa la bekendi lililokuwa limebeba programu nyingi za simu duniani. Januari 2016 ikatangaza kulifunga, na Januari 2017 likazimwa. Waliokuwa humo walipewa mwaka mmoja kuhama. Kilichowaokoa ni kwamba msimbo wa seva ulitolewa uwe huria, yaani yeyote aruhusiwe kuutumia na kuubadilisha, na mpaka leo Parse Server inaendelea mikononi mwa wanaoitumia. Bila hilo kungebaki majedwali tu, bila mahali pa kuyawasha.

Firebase, iliyonunuliwa na Google mwaka 2014, ni chombo kizuri na si huria. Siwezi kuichukua nikaiweka kwenye seva yangu. Kwa programu ya majaribio sina neno. Kwa daftari la fedha la akina mama ambao hawatakuwa na uwezo wa kulipa mtu wa kuhamisha mfumo, naona ni mzigo ninaowatwisha bila wao kujua.

Soma leseni yenyewe, usisome neno tu. PocketBase ni MIT, Appwrite ni BSD, zote mbili leseni huria. Strapi kwa sehemu kubwa ni MIT, ila baadhi ya vipengele ni vya kulipia. Directus tangu 2023 iko kwenye leseni ya BSL: msimbo unauona, na unaitumia bure kama mapato na fedha za taasisi yako kwa mwaka hazijafika dola milioni 5. Kikundi chetu kiko mbali na hapo, lakini kwa maana kamili hiyo si programu huria, na mteja anastahili kuambiwa.

Bahari, sheria na mtandao

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Seva ya kikundi ilikuwa Frankfurt. Kikao kilifanyika kama kawaida kwa sababu programu ilikuwa inaandika kwanza kwenye simu ya mhazini na kupeleka seva mtandao ukirudi. Hilo nililiandika mwenyewe. Supabase na PocketBase hazikuletei kazi ya bila mtandao ikiwa tayari, na CMS hata zaidi. Hapa Firebase inazishinda, hifadhidata yake ya Firestore inajua kuhifadhi kwenye simu na kusawazisha baadaye. Kama watu wako wako ufukweni ambako mtandao unakuja na kuondoka kama maji, weka siku za kazi hiyo kwenye bei yako tangu mwanzo.

Kuhusu sheria, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Deni la mtu ni taarifa binafsi. Kwa Tanzania kuna wajibu wa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuna masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Kwa tovuti ya habari jambo hili ni dogo. Kwa kikundi ni kubwa, na ni sababu nyingine ya kutaka mfumo unaoweza kuuhamisha kutoka seva ya nje hadi ya Dar es Salaam bila kuandika upya.

Jaribu kuiba kabla ya kukabidhi

Usikabidhi kabla hujafanya hivi. Tengeneza wanachama wawili wa uongo, Wa Kwanza na Wa Pili, kila mmoja na mkopo wake. Ingia kama Wa Kwanza, chukua tokeni yake (kitambulisho anachopewa akiingia), kisha omba mkopo wa Wa Pili kwa namba yake kwa `curl`, amri ya kuzungumza na API bila programu. Omba orodha yote. Omba tena bila tokeni yoyote. Kisha jaribu kubadilisha kiasi, na jaribu kuufuta. Kwenye Supabase orodha isiyoruhusiwa inarudi mabano matupu. Kwenye PocketBase orodha inarudi tupu na rekodi moja inarudi 404, kana kwamba haipo. Ukiona namba yoyote ya fedha ya Wa Pili, rudi kwenye kanuni zako. Kazi hii inachukua nusu saa, na ndiyo nusu saa ambayo ningeitoa mara ya kwanza tusingefika tulikofika.

Kwa CMS jaribio ni jingine. Mpe mhariri rasimu, mwambie aihifadhi bila kuichapisha, kisha ifungue API ukiwa huna akaunti uone kama rasimu inatoka.

Wako watakaouliza kama wanaweza kutumia vyote viwili. Inawezekana, ila hesabu gharama ya kutunza. Kikundi cha Pangani baadaye kilitaka ukurasa wa matangazo: bei ya cottonii (aina ya mwani) wiki hii, mnunuzi anakuja lini. Katibu anaandika mistari miwili. Sikuleta CMS kwa mistari miwili. Niliongeza mkusanyiko mmoja kwenye PocketBase wenye alama ya rasimu, na safari hii thamani ya kuanzia ni hapana. Redio nayo ilitaka wasikilizaji watume salamu, mamia kwa siku, kila mmoja na namba yake ya simu. Hizo sikuziingiza Strapi. Ziko kwenye PocketBase ndogo pembeni, na mtangazaji anaona jina na salamu bila kuona namba.

Siku ya kukabidhi mfumo wa pili Pangani, wanachama walisoma salio zao kutoka kwenye vijitabu, mhazini akaingiza, nami nikawa nahakiki. Tulianza saa tisa tukamaliza Magharibi. Mwenyekiti alichukua simu yake akajaribu mwenyewe kubadilisha namba kwenye anwani, kama alivyofanya yule binti. Ikamwambia haipo. Akajaribu tena na namba nyingine, kisha akaniuliza, "Na wewe mwanangu, unaona?"

Nikamwambia ukweli, kwamba mwenye nenosiri la msimamizi mkuu na mwenye kuingia kwenye seva anaona kila kitu, na huyo ni mimi. Wakashauriana kidogo. Niliandika manenosiri yote mawili mapya kwenye karatasi bila kubaki na nakala, tukaifunga kwenye bahasha, na akaunti ya bekapu tukaifungua kwa jina la kikundi. Bahasha ikaingia kwenye sanduku la chuma. Nikihitaji kusasisha mfumo, napanda gari asubuhi kutoka Tanga siku ya kikao, nakaa mkekani na wengine, na kusubiri funguo tatu zifike.